Kiatu cha Msibani

Nianze na ujinga wenyewe, maana nikiuficha mpaka mwisho mtadhani mimi ni mtu wa maana. Jumamosi moja, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kuzika, nilimvua kiatu mgeni aliyekuwa analia, nikakiweka kichwani, nikazunguka nacho uani nikikililia kama vile kiatu ndicho kilichokufa. Watu walicheka. Nikaona nimepatia. Baada ya dakika kama kumi nikaambiwa yule mgeni ni nani, na tangu hapo mpaka Jumatatu nilikuwa mtu wa kuingia na kutoka chini ya kitanda.

Mimi nipo mwaka wa kwanza chuo cha ufundi, fani ya mekanika. Chuo kiko nje ya mkoa wetu, safari ya kutwa nzima kwa basi kama basi halina kiburi. Ukimaliza mwaka wa kwanza lazima uende mafunzo ya vitendo wiki nane. Wenyewe tunaita fildi. Waliotutangulia wanasema zamani fildi ilikuwa mteremko tu. Chuo kinaandika barua, shirika la umma linajibu, unapelekwa kama gunia la mahindi, unapewa ovaroli linalokutosha wewe na mdogo wako, unafagia wiki nane, unasainiwa, unarudi.

Mwaka wetu mkuu wa chuo alisimama mstarini akasema mambo yamebadilika. Mashirika yanabinafsishwa, mengine yameshafungwa, na yaliyobaki hayana hakika kama Krismasi itayakuta.

"Kwa hiyo kila mtu akatafute kwao," akasema.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama inaruhusiwa kufanya fildi jikoni kwa mama, maana huko hakujabinafsishwa. Mstari mzima ukacheka. Mkuu wa chuo hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, akanitazama, akasema taratibu, "Wewe usipoleta fomu, hata sanduku lako usihangaike kulirudisha."

Fomu yenyewe ni karatasi moja. Inataka jina la mahali, muhuri, na saini ya msimamizi ambaye ni fundi sanifu mwenye cheti. Inatakiwa ifike chuoni kabla mwezi haujaisha. Isipofika, huna mwaka wa pili.

Nilifika Songea baridi ya mwezi wa sita imeshika, ile ya asubuhi mtu anaongea moshi unamtoka kama lori. Nikaanza kuzunguka. Kiwanda cha tumbaku nilikuta geti lina kufuli, na mlinzi anaota jua.

"Ndani kuna nani, mzee?"

"Kuna panya."

"Wanachukua wanafunzi?"

"Wenyewe wanajiandaa kupunguzwa kazi."

Nikaenda gereji ya ushirika. Mafundi walikuwepo, tena wengi, wamekaa kwenye magurudumu wanacheza bao. Walikuwa wanasubiri kuambiwa kama wao bado ni wafanyakazi. Nikaenda Mfaranyaki kwa fundi mmoja ambaye anaweza kufufua gari lolote lililowahi kutembea. Alinipokea vizuri sana, akakubali palepale. Nilipomuuliza cheti, akanionyesha viganja vyake.

"Cheti changu hiki hapa. Kinasomeka?"

Kilisomeka, lakini chuo hakipokei viganja. Nikabaki na wiki moja. Siku ya Alhamisi fundi huyo huyo akaniambia kuna mwekezaji amenunua gereji ya zamani kwenye barabara ya kwenda Namtumbo. Bwana mkubwa atakayeiendesha ni injinia kabisa, ameingia mjini juzijuzi, na Jumatatu ataanza kusikiliza watu.

"Nenda mapema," akasema. "Na ufunge hilo domo lako."

Nikaahidi kulifunga. Usiku huohuo jirani yetu, mtaani kwetu Msamala, akafariki.

Jirani huyu alikuwa mzee wa Kihehe kutoka Iringa, dereva mstaafu wa malori. Sisi ni Wangoni. Kwa Mngoni na Mhehe hakuna kuamkiana kwa ustaarabu, kuna utani tu, tangu babu zetu walipopigana wakachoka. Kila asubuhi nikipita mbele ya nyumba yake alikuwa ananipigia kelele, "Mngoni, leo umeiba nini?" Na mimi najibu, "Nimekuja kukuiba wewe, lakini hubebeki." Alikuwa ananiita mateka wake, namwita mtumwa wangu, kisha ananipa muwa. Nilimpenda mzee yule kuliko ninavyojua kusema.

Na mtani akifa, watani wake ndio wenye msiba. Ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaochota maji, na ndio wanaovuruga. Ndugu wakilia sana, mtani anawaiga mpaka wacheke. Mtani anaweza kujilaza kaburini akasema hatoki mpaka aletewe kuku. Anaweza kukunyang'anya kofia, na ukiitaka unaikomboa. Hakuna kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye huna adabu.

Mkuu wa watani mtaani kwetu ni shangazi yangu, dada wa baba. Lakini mwaka huu magoti yanamsumbua, kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi akaniita, akanivisha koti la marehemu, lile kubwa la kijivu alilovaa kiangazi na masika, akanipa na fimbo yake.

"Mpeleke akawaage wenzake," akasema.

Nikampeleka. Mzee enzi za uhai wake alikuwa anatembea amevuta bega moja juu kama anabana redio kwapani. Nikatembea hivyo hivyo uani, nikiwauliza watu wameiba nini leo. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kitu ambacho kinatisha kidogo ukikiona kwa karibu. Mama yangu alikuwa nyuma huko, jikoni na wenzake, na hilo lilinipa uhuru. Mama ni mhudumu wodini hospitali, na sura yake ya wodini anarudi nayo nyumbani. Kumchekesha mama yangu nilijaribu mara ya mwisho nikiwa darasa la tano. Nilichapwa.

Ikaingia pikapu nyeupe. Wakashuka ndugu wa marehemu waliotoka Iringa na basi la usiku. Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamume mrefu, suruali ya kupiga pasi, viatu vyeusi vya kamba. Akawakumbatia wenzake, akaja akakaa kwenye benchi la wanaume, akaniangalia, akaanza kulia. Analia bila sauti, machozi tu yanashuka, hayafuti.

Mimi nikahesabu haraka: gari moja na Wahehe, anakumbatiana na Wahehe, analia kama ndugu. Mhehe huyo. Tena Mhehe mwenye viatu! Nikamfuata, nikachuchumaa mbele yake, nikashika mguu wake.

"Jamani, njooni muone!" nikapaza sauti. "Mtumwa wetu huyu! Tulimwacha Iringa pekupeku, leo anakuja kwetu na viatu vya kamba! Nani kakuruhusu, wewe? Lete!"

Nikafungua kamba, nikavuta. Hakuzuia mguu. Alinitazama tu usoni, halafu akalitazama koti, halafu akanitazama tena usoni. Ningekuwa na akili ningeachia hapo. Mimi nikainuka na kiatu, nikakiweka kichwani kama jeneza, nikaanza maandamano. "Ooo kiatu changu! Umeniacha na nani!" Watoto wakanifuata nyuma.

Mkono ukatoka pembeni ya ghala la mahindi, ukanikamata sikio. Shangazi.

"Mtoto wewe! Umemuuliza?"

"Kumuuliza nini, shangazi?"

"Kabila lake! Tulikufundisha nini? Kabla hujamgusa mtu msibani unauliza, wewe wa wapi? Yule si Mhehe! Yule Mpare!"

"Mpare?"

"Mpare wa kutoka huko Same! Hao jamaa aliwakuta stendi akawapa lifti, gari ni lake. Marehemu alifanya naye kazi zamani. Ndiye bwana mkubwa mpya wa ile gereji ya barabara ya Namtumbo."

Sikuwahi kujua kwamba baridi inaweza kumpata mtu kuanzia ndani. Mpare hana utani na Mngoni. Kwa hiyo nilichofanya hakikuwa utani. Nilikuwa nimemfuata mtu mzima, mgeni, mwenye msiba, nikamwita mtumwa mbele ya umati, nikamvua kiatu. Na mtu huyo ndiye mwenye saini ya maisha yangu.

Shangazi akanyoosha mkono. "Nipe hicho kiatu nikarudishe, nikamwombe radhi."

Hapo ndipo ningeweza kupona. Lakini miguu yangu ilishaamua. Nikakimbia. Nilipita kwenye mabua makavu ya mahindi, koti la marehemu linapepea, sikusimama mpaka chumbani kwangu. Nilipofunga mlango ndipo nikagundua kiatu bado ninacho.

Sikwenda makaburini. Mzee aliyenipa miwa miaka yote hiyo alizikwa nami nimejificha chini ya kitanda na kiatu cha mtu mwingine. Nilisikia wimbo wa kwenda makaburini ukipita barabarani, nikauma kidole.

Jioni mama alirudi. Akasimama mlangoni, sura ile ya wodini. Akaangalia koti, akaangalia kiatu.

"Koti nitalirudisha mimi," akasema. "Kiatu utakirudisha wewe."

Sikusikia neno jingine kwake mpaka kesho yake, na hilo lilikuwa la kuniamsha kwenda misa. Nilisema naumwa. Hakubisha, na kwa mhudumu wa wodi hiyo ni hukumu tosha.

Baada ya misa akaja rafiki yangu, mtoto wa nyumba ya tatu, tuliyesoma naye shule ya msingi. Alikuja kunifariji, anasema yeye.

"Kaka, umetisha. Unajua yule bwana alifikaje makaburini?"

"Sitaki kujua."

"Mguu mmoja kiatu, mguu wa pili kandambili. Ya bluu. Aliazimwa na mjane."

"Nyamaza."

"Tena imemwishia katikati ya unyayo. Akashika chepe, akafukia na wenzake, kandambili inabaki kwenye udongo, anainama anaichomoa. Na wewe unajua Wapare lakini? Mpare ukimkanyaga haombwi samahani, anakupeleka mahakamani. Akikukosa wewe anakishtaki kivuli chako."

Hayo ya Wapare ni maneno ya vijiweni, hata mimi niliyajua, na siku nyingine ningeyaongezea chumvi. Siku hiyo niliyaamini yote. Kila gari lililopita barabarani nilidhani pikapu nyeupe. Ilipita moja kweli, nikaingia chini ya kitanda tena, rafiki yangu akabaki amekaa juu anakula karanga.

"Nipelekee hiki kiatu," nikamwambia nikiwa humo humo chini.

"Kiatu gani?"

"Hiki hapa!"

"Mimi sioni kiatu," akasema, akaondoka.

Nikabaki napiga hesabu. Nisiende? Wiki inaisha, mwezi unaisha nayo, na hakuna fundi sanifu mwingine anayepokea watu mjini. Niende Mbinga? Nani namjua Mbinga? Niende bila kiatu, nijifanye si mimi? Yule mtu alinitazama usoni mara mbili. Sura yangu alikuwa ameshaipiga muhuri. Niende na kiatu? Ndiyo sawa na mwizi kujipeleka kituoni akiwa amebeba redio. Na nisipokwenda kabisa, baba yangu, aliyeko Namtumbo anakausha tumbaku na kukohoa moshi wake ili mimi nisome, ataambiwa nini? Kwamba mwanae alifukuzwa chuo kwa ajili ya kiatu cha Mpare?

Nilikipiga dawa kile kiatu. Nilikipiga mara tatu, nikakisugua na kitambaa mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilikuwa getini, kiatu nimekifunga kwenye gazeti na kipande cha kanga. Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Na hawakuwa vijana. Walikuwa baba za watu, wamevaa makoti ya kuendea kanisani, vyeti vyao kwenye mifuko ya nailoni, wengine vyeti vya zamani vimekatika kwenye mikunjo. Nilimkuta pale mzee mmoja niliyemwona wiki iliyopita kwenye magurudumu ya ushirika akicheza bao. Sasa alikuwa amenyoa ndevu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto umefuata nini hapa?"

"Fildi, mzee. Ya chuo."

"Fildi," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Sisi tunatafuta ugali. Haya, simama nyuma yangu usije ukakanyagwa. Hicho ulichobeba ni chakula?"

"Hapana, mzee."

"Kinanuka dawa ya viatu."

Nikalihamishia furushi nyuma ya mgongo.

Saa mbili mlango wa ofisi ukafunguliwa, bwana mkubwa akatoka. Shati jeupe, suruali ya pasi, miguuni kandambili. Foleni nzima ikashusha macho. Kulikuwa na minong'ono kama nyuki.

"Bwana mkubwa amevaa ndala!"

"Mizigo yake haijafika, nasikia lori limekwama njiani."

"Hapana, ni mbinu. Anataka tusione ana uwezo."

"Ndio hao wa siku hizi. Wa shirika hata siku moja hawakuvaa ndala."

Nilitaka ardhi ipasuke, initwae mimi na furushi langu. Bwana mkubwa alikuwa anatembea mbele ya mstari anatazama watu, mmoja mmoja. Akafika kwa mzee wa mbele yangu. Akafika kwangu. Akasimama.

"Wewe," akasema. "Ndani."

"Mimi ni wa nyuma, mzee, hawa wamenitangulia..."

"Ndani."

Nikasikia mzee aliyenitangulia akivuta pumzi. Walidhani nimebebwa. Laiti wangejua!

Ofisini kulikuwa na meza, viti viwili, na pembeni, sakafuni, kiatu kimoja cheusi chenye udongo mwekundu. Mwenzake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo shikamoo Jumamosi ulikuwa umeiacha wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi! Nina jibu la kila kitu, walimu wananijua, mstari mzima wa chuo unanijua.

"Kaa."

"Nitasimama tu, mzee."

"Sikukuomba."

Nikakaa. Nikaweka furushi mezani. Akalifungua taratibu, kanga, kisha gazeti. Akakishika kiatu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umekipiga dawa."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mwenzake atafananaje nacho?"

"Nitampiga dawa na huyo, mzee. Sasa hivi. Nimekuja na kitambaa."

"Kaa chini."

Hata sikujua kwamba nilikuwa nimesimama. Akakiweka kiatu mezani kati yetu, akakunja mikono.

"Yule mzee," akasema, "ndiye aliyenishikisha spana. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Nilikuwa utingo wake, tunalala chini ya lori, ananifundisha injini kwa tochi. Nimepata kazi mji huu nikasema nitamfurahisha, nimfuate nyumbani. Nafika stendi kuulizia kwake, nakutana na ndugu zake, naambiwa amekufa juzi usiku."

Nje nilisikia foleni ikikohoa.

"Nisamehe, mzee. Nilidhani wewe ni Mhehe."

"Ningekuwa Mhehe ingekuwa sawa?"

"Ndiyo, mzee." Nikasikia nilichosema, nikaogopa zaidi, lakini ndio ukweli wenyewe. "Ingekuwa... ingekuwa heshima."

Nilihesabu misumari kwenye meza. Kumi na mmoja.

"Aliwahi kuniambia habari zenu," akasema mwishowe. "Alisema siku akifa Wangoni watamsumbua mpaka shimoni, na wasipomsumbua atajua hawakumpenda. Nilidhani ni maneno ya kufukuza usingizi safarini." Akagusa kamba ya kiatu. "Kisha naingia uani namwona anatembea. Bega juu, koti lake lile lile. Unajua nililia kwa nini?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Hakueleza, na mimi sikuuliza, ingawa nilikuwa nimeelewa, na kuelewa kuliniumiza kuliko kupigwa. Nilitaka kumwambia kuhusu miwa.

"Hata sisi tuna watani wetu huko kwetu," akasema. "Lakini kwenye gereji yangu hakuna. Mashine haina mtani. Ukiitania inachukua vidole, na haikombolewi kwa kuku. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Lete fomu."

Sikuwa nimemwambia kama nina fomu. Nadhani shangazi, kwa magoti yake yale, alishafika kwa mtu huyu kabla yangu, lakini mpaka leo anakana. Nikaitoa. Akaisoma mstari kwa mstari, kila sehemu, akafika chini kwenye nafasi iliyoandikwa "Maelezo ya msimamizi kuhusu mwanafunzi". Akanisukumia karatasi na kalamu.

"Andika wewe. Ulichofanya Jumamosi. Mimi nitasaini chini yake."

"Mzee, hii inakwenda kwa mkuu wa chuo..."

"Najua inakokwenda. Ukiandika uongo sisaini. Ukikataa kuandika, nje kuna watu wananisubiri."

Nikamwona mkuu wa chuo akisoma. Nikamwona akilikumbuka swali langu la jikoni kwa mama. Karatasi hiyo ilikuwa inanirudisha chuoni na kunifukuza kwa mkupuo mmoja, na kalamu nimeshika mwenyewe. Nilifikiri kuinuka niondoke. Halafu nikawasikia tena wale wazee nje wanakohoa, watu ambao wangeandika lolote waambiwalo, nikaandika. Akasoma.

"Umeruka neno."

"Neno gani, mzee?"

"Ulilonipa kama jina."

Nikaliongeza kwa juu, kwa mshale. Akasoma tena, akasaini, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka kiatu kikaruka mezani.

"Kesho saa moja kamili. Viatu vya kufunga. Ndala sitaki kuziona humu."

Nilitazama miguu yake kwa bahati mbaya. Aliniona nikitazama.

"Toka," akasema.

Nilipotoka aliita anayefuata, na mzee aliyenyoa ndevu akavua kofia akaingia. Sikuweza kumtazama.

Nilikwenda nyumbani mbio, lakini si mbio za furaha. Mama alikuwa zamu ya mchana siku hiyo, kwa hiyo nilimkuta bado yupo, amekaa kwenye mkeka uani, anachambua maharage. Nikampa karatasi kabla hajaniuliza. Akajifuta mikono, akaisogeza juani. Mama husoma huku midomo ikicheza, na mimi nilikuwa nafuata midomo yake, najua kila neno linapopita:

"Mimi mwanafunzi niliyetajwa hapo juu, Jumamosi, kwenye msiba wa jirani, nilimvua kiatu kimoja msimamizi wangu nikidhani ni Mhehe, nikamwita mtumwa wetu, nikakibeba kiatu kichwani nikikililia, kisha nikakimbia nacho. Sikutumwa na mtu yeyote. Mama yangu hakuwepo wala hakuona. Sitarudia."

Akasoma mara ya pili. Akaikunja kwenye mikunjo yake, akanirudishia. Akachukua ungo wake, akatoa jiwe moja, akalitupa. Nilisubiri fimbo. Akasema hivi, na hakupandisha sauti:

"Hapo uliposema mama hakuona, umedanganya. Nilikuwa mlangoni jikoni, nimeona mwanzo mpaka mwisho, na ulipokipandisha kile kiatu kichwani ukaanza kukililia, nilicheka mpaka nikamwaga maji ya ugali wa watu. Ole wako umwambie yule bwana wa gereji. Na ukienda huko kesho ukamchekesha mtu hata mmoja, usirudi hapa."